Siku Mfalme Haile Selassie Alipotoa Machozi

Ukishuka katikati ya Johannesburg, upande wa mtaa ambao wengi bado wanauita Jeppe, utawakuta Waethiopia na maduka yao ya nguo, viatu na mablanketi, na ghorofani utasikia harufu ya kahawa inayokaangwa. Katika baadhi ya maduka hayo kuna picha ukutani ya mzee mwembamba mwenye ndevu, amevaa sare ya kijeshi iliyojaa nishani. Nenda Yeoville, utaiona sura hiyohiyo kwenye fulana za Marasta. Itazame vizuri. Mzee huyo hacheki wala hanuni. Uso wake umetulia kama maji ya mtungini.

Huyo ni Haile Selassie, Mfalme wa Ethiopia. Katika toleo hili tunakusimulia maisha yake, lakini si yote, maana yangejaza kitabu kizima. Tunataka ujue jambo moja tu. Mtu huyu alisifika duniani kote kwa kuuficha moyo wake. Je, ni lini aliufunua mbele za watu? Na ni lini alipaswa kuufunua, asifanye hivyo?

Mtoto aliyejifunza kunyamaza

Alizaliwa tarehe 23 Julai 1892 katika kijiji cha Ejersa Goro, karibu na mji wa kale wa Harar, mashariki mwa Ethiopia. Jina lake la utotoni lilikuwa Tafari. Baba yake, Makonnen, alikuwa na cheo cha Ras, yaani mmoja wa wakubwa kabisa chini ya Mfalme Menelik II, na ndiye aliyetawala Harar.

Mama yake alifariki Tafari akiwa hajatimiza miaka 2. Baba naye alifariki mwaka 1906, kijana akiwa na miaka 13. Akapelekwa Addis Ababa kukulia katika ikulu ya Menelik. Fikiria wewe ungekuwa mahali pake: huna mama, huna baba, na umezungukwa na watu wazima wanaogombania madaraka huku mfalme akizidi kuugua. Katika nyumba ya namna hiyo kuta zina masikio. Neno moja lisilo na kipimo linaweza kukuponza. Tafari akajifunza kusikiliza sana na kusema kidogo.

Mwaka 1916, akiwa na miaka 24, alichaguliwa kuwa mrithi wa kiti na mwangalizi wa dola chini ya Malkia Zewditu. Tarehe 2 Novemba 1930 akatawazwa kuwa Mfalme wa Wafalme, akachukua jina la Haile Selassie, maana yake Nguvu ya Utatu. Kutokana na cheo na jina lake la zamani, Ras Tafari, ndipo lilipotoka jina la Rastafari unalolisikia hadi leo.

Waliomwona walishangaa jinsi alivyokuwa mdogo wa umbo na mpole wa sauti. Alijua Kifaransa vizuri, lakini mara nyingi alizungumza na wageni kwa Kiamhari kupitia mkalimani. Mkalimani humpa mtu nafasi ya kufikiri kabla ya kujibu, na Mfalme hakuwa mtu wa kukurupuka. Waliokuwa karibu naye walimwona akilainika zaidi mbele ya mbwa wake wadogo. Mmoja wao, aliyemfuata hata kwenye hafla za ikulu, aliitwa Lulu, jina ambalo wewe msomaji wa Kiswahili unalielewa bila kufungua kamusi.

Alipozomewa

Tarehe 3 Oktoba 1935 Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia. Waitalia walikuwa na ndege, vifaru na gesi ya sumu, gesi iliyokuwa imekatazwa na mikataba ya dunia. Ilimwagwa kutoka angani, ikawaunguza askari, wakulima na mifugo. Tarehe 31 Machi 1936, kule Maychew, Mfalme mwenyewe aliingia vitani na jeshi lake likashindwa. Wakati wa kurudi nyuma alipita Lalibela, penye makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba, akasali. Mapema Mei akapanda treni kwenda Djibouti, na kutoka huko akaenda uhamishoni.

Tarehe 30 Juni 1936 alisimama mjini Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa, chombo kilichokuwapo kabla ya Umoja wa Mataifa. Alipofika kwenye jukwaa, waandishi wa habari wa Italia waliokuwa ukumbini wakaanza kupiga miluzi na kumzomea. Hebu piga picha: umepoteza nchi, watu wako wameunguzwa kwa sumu, umekuja kuomba msaada, na unazomewa mbele ya mabalozi wa dunia nzima.

Hakupaza sauti. Hakutikisa hata mkono. Alisimama wima akingoja polisi wawatoe wale waandishi. Ukumbi ulipotulia, akaanza kusoma, na akasoma kwa Kiamhari, lugha ya nyumbani kwake, ingawa Kifaransa kingeeleweka na wengi pale. Aliwaeleza juu ya gesi. Akawaonya kwamba mataifa madogo yakiachwa yamezwe, zamu ya wengine nayo itafika. Hakupata msaada alioomba. Lakini vita vikuu vilipoanza mwaka 1939, wengi walikumbuka onyo lake.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku ile kimya cha Mfalme kiliwaaibisha waliozomea kuliko tusi lolote.

Askari waliozungumza Kiswahili

Kwa miaka minne aliishi katika mji wa Bath, Uingereza, katika nyumba iitwayo Fairfield, mara nyingine akiwa na shida ya fedha. Huko Addis Ababa, mwezi Februari 1937, Waitalia waliwaua maelfu ya raia kwa siku tatu baada ya jaribio la kumuua mkuu wao, Graziani. Binti yake mmoja, Romanework, alichukuliwa mateka na kupelekwa Italia, akafia huko mwaka 1940.

Hapa hadithi inatugusa sisi. Mwaka 1941 majeshi yaliyoingia Ethiopia kutokea Kenya yalikuwa na askari wa Afrika Kusini na askari wa KAR, yaani kikosi cha Waafrika wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambao kambini lugha yao ilikuwa Kiswahili. Muulize babu au bibi kwa simu kama katika ukoo wenu kuna mzee aliyekwenda vita vya Uhabeshi. Usishangae ukiambiwa yupo.

Mfalme aliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, miaka 5 kamili tangu Waitalia walipoingia. Wengi wangetegemea atangaze kisasi. Yeye aliwaambia watu wake wasilipe ubaya kwa ubaya na wasiwaguse Waitalia waliobaki mjini.

Mwaka uliofuata alimpoteza binti mwingine, Tsehai, aliyekuwa amesomea uuguzi Uingereza wakati wa uhamisho. Ikajengwa hospitali kwa jina lake. Kuna watu ambao machozi yao huyaoni machoni, unayaona katika kazi za mikono yao.

Mandela alichokiona

Mwezi Januari 1962 Nelson Mandela alitoka Afrika Kusini kwa siri. Alipitia Bechuanaland, nchi tunayoiita leo Botswana, akafika Mbeya, kisha Dar es Salaam, akaonana na Julius Nyerere. Safari yake ilikuwa ya kwenda Addis Ababa, kwenye mkutano wa wapigania uhuru wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Katika ndege ya Ethiopia alishtuka kumwona rubani mweusi, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwao, kisha akajilaumu kwa kushtuka.

Mkutano ulifunguliwa na Haile Selassie. Mandela alieleza baadaye katika kitabu cha maisha yake kwamba alistaajabu jinsi Mfalme alivyokuwa mdogo wa mwili, lakini heshima na utulivu wake vilimfanya aonekane jitu la Afrika. Alimwona amesimama wima akisikiliza, akiinamisha kichwa kidogo tu.

Kabla mwezi haujaisha, tarehe 15 Februari 1962, mke wa Mfalme, Malkia Menen, alifariki. Walikuwa wameishi pamoja kwa zaidi ya miaka 50. Katika mazishi, Waziri Mkuu Aklilu Habte-Wold ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Lakini siku ya tatu, katika ibada ya kumbukumbu, Mfalme alisema maneno yake mwenyewe. Alieleza kwamba Waziri Mkuu amemsifu vema, ila yeye ana jambo moja la kuongeza: katika miaka yote ile hamsini, yeye na mkewe hawakuhitaji hata mara moja mtu wa tatu awasuluhishe.

Wazazi wetu wanajua uzito wa maneno hayo. Kwetu pwani na bara, ndoa ikitetereka huitwa wazee wakae kitako. Mfalme huyu, asiyesema la moyoni mbele ya watu, alifungua mlango wa chumba chake kidogo tu, watu wakachungulia, wakaona upendo. Kisha akaufunga tena.

Miezi miwili baadaye mwanawe mdogo wa kiume, Sahle Selassie, naye akafa. Katika watoto 7 wa Haile Selassie, kufikia mwaka huo watano walikuwa wametangulia mbele ya haki, akiwemo Makonnen, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1957.

Mandela naye alirudi Ethiopia katikati ya mwaka huohuo kwa mafunzo ya kijeshi, na alipoondoka alipewa bastola. Bastola hiyo ilizikwa kwenye shamba la Liliesleaf, Rivonia, si mbali na hapa tulipo. Imetafutwa sana na mpaka leo haijapatikana.

Kingston, 21 Aprili 1966

Sasa tumefika kwenye siku yenyewe.

Kule Jamaika, maelfu ya kilomita kutoka Ethiopia, Marasta walikuwa wakimheshimu Haile Selassie kuliko mwanadamu wa kawaida. Walikuwa wajukuu na vitukuu vya Waafrika waliovukishwa bahari kwa minyororo na kufanywa watumwa kwenye mashamba ya miwa. Nchini mwao wenyewe walidharauliwa, wakafukuzwa na kunyolewa nywele kwa nguvu. Waliposikia kwamba Mfalme anakuja, makumi ya maelfu walikwenda uwanja wa ndege wa Kingston, wengine kwa miguu tangu usiku, na ngoma zao.

Ndege ilipotua, umati haukungoja. Watu walivunja mistari ya ulinzi, wakakimbia hadi chini ya mabawa. Zulia jekundu halikuonekana tena, wala gwaride. Mlango ukafunguliwa. Yule mzee mdogo akatokea juu ya ngazi, akaitazama bahari ile ya watu wanaoimba na kulia, wakiliita jina lake.

Ndipo machozi yakamtoka.

Alizomewa Geneva, hakulia. Hapa aliitwa kwa upendo na watu ambao hakuwahi kuwaona, na uso ule uliokuwa kama jiwe kwa miaka mingi ukashindwa. Alirudi ndani ya ndege. Ilibidi mzee mmoja wa Rasta aliyeheshimiwa, Mortimo Planno, apande ngazi, azungumze na wenyeji wa Mfalme, kisha autulize umati hadi njia ikapatikana. Mfalme akashuka.

Haile Selassie alikuwa Mkristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hadi mwisho wa maisha yake, na hilo halikubadilika Jamaika. Lakini siku ile aliwaona watu waliopotezwa na Afrika kwa karne kadhaa wakiitafuta nyumbani kupitia uso wake. Hadi leo Marasta wa dunia nzima wanaiadhimisha tarehe 21 Aprili kila mwaka.

Machozi ambayo hayakuja

Tungeweza kuishia hapo, na hadithi ingekuwa tamu. Lakini ninyi ni wasomaji wakubwa, hata mlio wadogo, na ukweli hauna nusu.

Tangu mwaka 1972 ukame uliikumba Wollo, jimbo la kaskazini. Mazao yalikauka, ng'ombe wakafa, watu wakatembea hadi kando ya barabara kuu kutafuta chakula, wengi wakafia hapohapo. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Viongozi waliificha njaa ile kwa sababu waliona itatia doa sifa ya nchi. Waliojitahidi kuionyesha ni walimu na wanafunzi wa chuo kikuu, waliokwenda Wollo, wakapiga picha. Oktoba 1973 mwandishi wa Uingereza, Jonathan Dimbleby, aliionyesha dunia filamu ya njaa hiyo. Mfalme alifika Wollo mwaka ukiwa unaelekea mwisho, watu wakiwa wamekwisha kufa kwa wingi.

Mficha maradhi kilio humfichua. Utulivu uliokuwa nguvu Geneva ulionekana Wollo kuwa kutojali. Mfiwa hangoji hotuba. Anangoja kuona kwamba mkubwa wake naye ameumia. Desturi yetu inasema kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Lakini mfalme ni baba wa nyumba, si mtu wa mbali. Alipaswa kuwa wa kwanza.

Tarehe 11 Septemba 1974, siku ya mwaka mpya wa Ethiopia, televisheni ya taifa ilionyesha filamu ile, ikichanganywa na picha za karamu za ikulu na za mbwa wakilishwa nyama. Kesho yake asubuhi maofisa wa jeshi walifika, wakamsomea tangazo la kumwondoa. Alilisikiliza kwa utulivu uleule wa siku zote. Wakamtoa ikulu ndani ya Volkswagen ndogo, na njiani watu wakamwita mwizi.

Alikufa kizuizini tarehe 27 Agosti 1975, akiwa na miaka 83. Serikali ilitangaza kwamba ni maradhi, lakini utawala ule ulipoanguka ikabainika kuwa aliuawa. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1992, imefukiwa chini ya sakafu katika viwanja vya ikulu. Tarehe 5 Novemba 2000 ikazikwa kwa heshima katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, Addis Ababa, kando ya Menen.

Tunajifunza nini?

Huenda umewahi kumwona mama akipokea simu ya usiku kutoka nyumbani, akaitika polepole, kisha akarudi kuosha vyombo bila kusema. Huenda baba alitukanwa dukani au kwenye teksi kwa sababu ya lafudhi yake, akanyamaza, mkaendelea na safari. Usidhani hawana moyo. Wapo wazazi wengi hapa Johannesburg ambao wanasimama kila siku kama Mfalme alivyosimama Geneva, ili wewe usiogope.

Na ninyi wazazi, mkumbuke Wollo. Mtoto naye ana haki ya kujua kwamba bibi amefariki, na kwamba baba ameumia. Akikuona umelia siku moja, hatakudharau. Atajifunza kwamba misiba ya nyumbani ni yake pia, hata kama hajawahi kufika Kigoma, Lamu au Bukavu.

Na wewe mvulana uliyeambiwa kwamba mwanamume halii, kumbuka Kingston. Mfalme wa Wafalme alilia mbele ya makumi ya maelfu ya watu, na miaka 60 baadaye hakuna anayemcheka.

Ya kuzungumza nyumbani wiki hii
1. Kwa nini Mfalme alisoma kwa Kiamhari kule Geneva? Wewe ungechagua lugha gani?
2. Kunyamaza Geneva na kunyamaza wakati wa njaa ya Wollo kunatofautianaje?
3. Mwombe mzazi akusimulie siku moja alipotaka kulia akajizuia, na siku moja ambayo hakujizuia. Andika sentensi 5 kwa Kiswahili, uje nazo Jumamosi.